Somo: Kutundika picha za wanasayansi wa tiba kwenye kuta za Mji Mkongwe

Wiki hii pekee nimeulizwa mara nne: picha zangu za Ronald Ross, daktari wa malaria, na Louis Pasteur, mwanasayansi wa chanjo, zinakaaje ukutani bila kuota kuvu? Naandika hapa, mwenye swali asome kwanza.

1. Tafuta faili kubwa. Karatasi ya A3 inataka nukta (pikseli) 3508 kwa 4961.

2. Chapisha kwenye karatasi nzito isiyong'aa.

3. Fremu. Hapa ndipo nilipoharibu. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hunywa maji kisha huyatema. Ross wangu wa kwanza nilimbana na kioo, mgongo wa fremu ukaugusa ukuta. Masika yalipokwisha, karatasi imegandana na kioo. Nilipoinasua, nusu ya uso ikabaki kiooni. Nililia, maana ndiye aliyeona vimelea vya malaria tumboni mwa mbu, 20 Agosti 1897, nami nimelelewa na homa hiyo. Basi weka ukingo wa kadi nene baina ya karatasi na kioo. Nyuma, pembe zote nne, gundi vipande vya kandambili kuukuu ili upepo upite. Usitundike ukuta unaopakana na choo. Na usipige saruji juu ya chokaa eti kuzuia unyevu: maji yatakosa pa kutokea, lipu itabanduka.

4. Toboa kwa keekee, taratibu. Msumari wa nyundo humomonyoa lipu.

MASWALI

— Picha niliyotumiwa WhatsApp inatosha? Kwenye simu iko safi.
Hatua ya 1.

— Nimebandika kwa gundi ukutani, imevimba. Dawa yake?
Haina. Chapisha nyingine, usome hatua ya 3.

— Nasomesha skuli Wete. Wanafunzi wanauliza Pasteur ameshika nini. Pia nataka Ibn Sina.
Maalim, Mungu akuzidishie. Mchoro ule ni wa Albert Edelfelt, 1885. Ndani ya chupa aliyoishika mna uti wa mgongo wa sungura mwenye kichaa cha mbwa, unakaushwa. Kwa njia hiyo ilipatikana chanjo aliyochomwa mtoto Joseph Meister Julai mwaka huohuo. Ibn Sina alifariki 1037, na sura zake zote ni za kukisia. Andika hivyo chini ya fremu, au tundika ukurasa wa mswada wa Qanun, kitabu chake cha tiba. Hati zake nzuri mno.

— Kioo msikipulizie dawa ya kusafishia, hupenya pembeni. Lowesha kitambaa.
Kweli bibie, hilo nililisahau. Kitambaa kikamuliwe sana.