Somo: Kujua maji ya chini ya ardhi yapo kiasi gani kabla hamjamaliza hela za kisima (mfano wa Dodoma)

Wadau habari zenu. Kisima kutoa maji siku ya kuchimba ni kitu kimoja, eneo kuwa na maji ya kulisha kijiji miaka 20 ni kitu kingine kabisa, na hicho cha pili ndo hakipimwi. Twende kwa hatua.

Hatua ya 1: makaratasi. Nenda ofisi ya bonde la maji lenu (Tanzania ina mabonde ya maji 9, kwa hapa Dodoma Makutupora iko Wami/Ruvu, Bahi iko Bonde la Kati), omba kumbukumbu za visima vya jirani, kina, maji yalikutwa mita ngapi, chumvi ikoje. Vilivyotoka vikavu navyo andika, hivyo ndo vinafundisha zaidi.

Hatua ya 2: tembea eneo lote. Huku kwetu Dodoma chini ni graniti (mwamba mgumu), na graniti nzima haina maji, maji yapo kwenye ile iliyooza na kwenye nyufa za chini yake. Iliyooza ina mfinyanzi mwingi, inatunza maji ila inayaachia taratibu, nyufa zinapitisha haraka ila zenyewe hazina akiba, kwahiyo ukipata nyufa tupu pampu inatoa vizuri mwanzoni alafu baada ya muda inavuta hewa. Tafuta mipasuko, korongo lililonyooka sana ni dalili nzuri. Visima vilivyopo pima kina cha maji alfajiri kabla watu hawajaanza kuchota.

Hatua ya 3: survei ya umeme. Ile mashine haioni maji jamani, inapima ardhi inavyokinza umeme, na mfinyanzi wenye unyevu na maji ya chumvi vyote vinasoma chini. Anza kuipima pembeni ya kisima ambacho tabaka zake zinajulikana, ndo utajua namba zako zinamaanisha nini.

Hatua ya 4: mkichimba, chukua sampuli ya udongo kila mita na uandike.

Hatua ya 5, na hapa ndo roho ya kazi yote: kupampu kwa majaribio. Kwanza pandisha kasi kwa vipindi uone kisima kinavumilia mpaka wapi, acha maji yarudi, alafu pampu kwa kasi moja isiyobadilika saa 24 au zaidi, huku unapima maji yanavyoshuka, mwanzoni kila dakika, baadae unaachanisha. Ukizima usiondoke! Pima yanavyopanda, vipimo hivyo ni safi kwasababu pampu haiyumbishi tena. Chora kushuka kwa maji dhidi ya muda kwenye grafu ya nusu logi (muda ndo unakaa upande wa logi, mita zinakaa upande wa kawaida), soma yameshuka mita ngapi kati ya dakika ya 10 na ya 100, alafu 0.183 mara kasi ya kupampu (mita za ujazo kwa siku) gawanya kwa hizo mita. Mfano mita za ujazo 5 kwa saa ni 120 kwa siku, mstari ukishuka mita 4 unapata kama 5.5, mita za mraba kwa siku. Huo ndo uwezo wa tabaka kupitisha maji, na 5.5 inatosha pampu ya kijiji, ila usiote kumwagilia shamba kubwa. Mstari ukiinama ghafla kwenda chini, inawezekana mmegusa ukuta wa akwifa (lile tabaka la chini linalobeba maji), punguzeni matumaini na kasi.

Hatua ya 6: maji yanarudishwa na nini? Watu wanachukua wastani wa mvua, Dodoma kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, wanazidisha kwa asilimia fulani, wamemaliza. Makutupora vina vya maji vimepimwa toka miaka ya 1950 na vinaonyesha misimu mingi haiongezi kitu cha maana, alafu inakuja mvua kama ya El Niño ya 1997/98 maji yanapanda sana. Kwahiyo hesabu uvutaji wenu kwa miaka mibaya.

MASWALI

Mdau wa Kongwa: Mkuu, mchimbaji kapima kwa ndoo wakati anapuliza na kompresa, kasema lita 8,000 kwa saa. Tununue pampu ya hiyo?

Jibu: Hapana mkuu, hiyo ni dalili tu. Inachanganya na maji yaliyokuwa yamejaa kwenye bomba na nyufa. Fanyeni hatua ya 5 kwanza.

Mdau wa Chamwino: Kwa kisima kimoja naweza kujua akwifa inatunza kiasi gani?

Jibu: Kupitisha unapata, kutunza hupati kwa uhakika. Unahitaji kisima cha pili cha kuangalizia, hata cha zamani kilicho karibu, upime humo wakati mnapampu kile kingine.

Mdau wa Singida: Maji yetu ni meupe na matamu ila watoto meno yanakuwa ya kahawia, tukiyachemsha si yatakuwa sawa?

Jibu: Pole sana ndugu yangu. Hiyo inaonekana kama floraidi (madini yanayoyeyuka kwenye maji), na kuchemsha hakuitoi, maji yanapungua yenyewe inabaki imekolea zaidi. Pelekeni sampuli maabara ya maji, ikizidi miligramu 1.5 kwa lita tafuteni chanzo kingine cha maji ya kunywa, hata ya mvua, na hicho kisima kibaki cha kufulia.