Somo: Mwezi wako mmoja unagharimu shilingi ngapi?

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni. Siku kikundi chetu cha kuweka na kukopa kilipovunja mzunguko na kugawana akiba, niliwaonyesha ubaoni hesabu ya uhuru wa kifedha, chaki ikaisha kabla ya maelezo. Mmeniomba niiandike yote, nami nimeiandika. Maswali mliyonitumia nimeyajibu huko chini.

Mimi ni karani wa hesabu kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini Dar es Salaam. Nimepanga Tabata, nina watoto wawili. Mshahara unaoingia mkononi wakati naanza haya ulikuwa 1,050,000, nikiwa na miaka 38. Sina biashara ya pembeni na sikurithi kiwanja. Nalisema mapema ili mtu asidhani kuna siri nyuma ya pazia.

Ninaposema uhuru wa kifedha sisemi utajiri. Nasema siku ambayo hela uliyoiweka inazaa kiasi cha kulipia mwezi wako, hata kama ofisini wamekwambia usirudi kesho. Kwa hiyo kitu cha kwanza kukijua ni bei ya huo mwezi.

Hatua ya 1: Daftari la miezi mitatu

Nunua daftari la kurasa 48, lile la shule. Kila usiku kabla ya kulala andika kila shilingi iliyotoka. Usijibane bado, wewe andika tu. Ukianza kujibana wiki ya kwanza, daftari litakudanganya.

Baada ya miezi mitatu ongeza vitu vinavyokuja mara moja au mbili kwa mwaka: ada, sare za shule, kodi ya nyumba ya miezi sita, nauli ya kwenda kijijini Desemba, michango. Jumlisha, gawanya kwa 12, weka kwenye mwezi. Hapa ndipo wengi tunapopotea. Ada ya Januari tunaiita dharura, na Januari inakuja kila mwaka.

Mimi nilikuwa naapa kwamba natumia laki sita kwa mwezi. Daftari likasema 980,000. Nilijumlisha mara tatu nikidhani nimekosea.

Hatua ya 2: Namba yako

Mwaka 1994 mshauri wa fedha wa Marekani, William Bengen, alipitia historia ya hisa na hati fungani (karatasi za kuikopesha serikali kwa riba) za kwao akaona mstaafu anayechukua 4% ya akiba yake mwaka wa kwanza, kisha akaongeza kila mwaka kwa kadiri ya mfumuko wa bei, hela yake ingedumu miaka 30 au zaidi. Kutoka hapo watu wakapata ile kanuni ya kuzidisha matumizi ya mwaka mara 25. Mitandaoni utaikuta imetafsiriwa kama aya, lakini ni hesabu ya soko la Marekani. Sisi tufanye ya kwetu.

Tuchukue hati fungani za serikali zinazouzwa na Benki Kuu. Riba hubadilika mnada hadi mnada. Mwaka 2022 ile ya miaka 25 ilishushwa kutoka 15.95% hadi 12.56%, ndiyo maana mimi napiga kwa 12% hata mnada ukiwa mnono. Sasa usile 12 yote. Bei za vitu zinapanda na riba uliyofungia haipandi. Rudisha 4 kwenye mtaji, kula 8.

Hesabu yangu ya zamani: 980,000 × 12 = 11,760,000 kwa mwaka. Gawanya kwa 0.08, unapata milioni 147. Nilikuwa nabakiza 70,000 kwa mwezi. Kwa mwendo ule, akiba ikizaa ile 8 juu ya kupanda kwa bei, hata nikiipandisha kila mwaka kadiri bei zinavyopanda, ningefika baada ya miaka 35. Ningekuwa na miaka 73.

Nikapunguza mwezi ukawa 720,000. Namba ikashuka hadi milioni 108, na akiba ikapanda hadi 330,000 kwa mwezi. Miaka 15.

Mshahara ni uleule. Shilingi unayoiacha inafanya kazi mara mbili: inaingia kwenye akiba, na inapunguza kiasi unachopaswa kukitafuta. Kila 10,000 unayoitoa kwenye mwezi wako inaondoa 1,500,000 kwenye namba yako. Nyongeza ya mshahara haifanyi hivyo. Nyongeza ukiipandishia maisha inakusogeza mbali zaidi.

Hatua ya 3: Punguza palipo na nyama

Laki mbili na sitini nilizopunguza zilitoka hapa: nyumba 80,000, jikoni 60,000, michango 45,000, bodaboda 45,000, bando na vidogovidogo 30,000. Soda ya kila Jumapili iko palepale.

Nyumba. Nilikuwa Sinza, 250,000 kwa mwezi. Nikakurupuka nikahamia Chanika kwa 90,000, nikajiona mjanja. Naamka saa kumi alfajiri, nauli mbili kwenda na mbili kurudi, jioni nafika stendi nimechoka nanunua chipsi za watoto kwa sababu sina nguvu ya kuwasha jiko. Nilikuwa nimelipa kodi ya miezi sita, nikaimaliza kwa uchungu. Ndipo nikaja Tabata, 170,000. Jumlisha kodi na nauli na kile unachokula kwa sababu ya uchovu, halafu ndiyo useme nyumba ipi ni rahisi.

Jikoni. Kwa Mangi, duka la mtaani, nilikuwa nanunua mafuta ya kupima ya 1,000 kila siku, sawa na 30,000 kwa mwezi. Nikanunua dumu la lita tano kwa 28,000. Wiki tatu likaisha! Dumu likikaa jikoni mkono unakuwa mwepesi, kila mtu anamimina. Dumu la pili nikalifungia kabatini, Jumamosi najaza chupa ndogo ya maji nusu lita na kidogo, hiyo ndiyo ya wiki. Likafika wiki ya nane. Kwa hiyo kununua kwa jumla ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni ile chupa. Mchele nao tunachanga gunia na majirani wawili. Mchana kazini nabeba chakula siku tatu, siku nyingine nakula na wenzangu kwa mama ntilie, maana habari zote za ofisi zinapatikana pale.

Bodaboda. Kutoka stendi hadi nyumbani, 2,000 kila jioni, siku 26. Ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Sasa napanda siku za mvua au nikichelewa, basi.

Michango. Hapa nitakaa kidogo.

Mwaka wa daftari nilipokea kadi 14: harusi, sendi-ofu, kitchen party, kipaimara. Kadi ya mtu mmoja (single) 50,000, ya wawili (double) 100,000. Jumla nilitoa 870,000, na kati ya hizo kadi 14 kuna tano ambazo bibi harusi ningepishana naye Kariakoo nisimjue. Tatizo si kuchanga. Tatizo ni kwamba kiasi kinapangwa na kamati na siku inapangwa na kamati, halafu unasukumwa kwenye grupu la WhatsApp ambako kila asubuhi orodha ya waliotoa inapandishwa upya na jina lako halimo.

Nilichofanya ni kujitengea mfuko wangu wa michango wa 330,000 kwa mwaka. Januari naandika majina ya watu ambao siwezi kukosa: ndugu, majirani wa karibu, wale waliokuja kunizikia. Hao nawatoa mapema, kabla ya kukumbushwa, na mtu anayetoa mapema hata 30,000 anaheshimiwa kuliko aliyeahidi laki moja akapotea. Wengine nawajibu siku hiyohiyo kwamba nitatoa kiasi fulani na sitafika ukumbini, na kadi wampe mwingine. Pale ambapo mtu ni wangu na hela sina, naingia kamati ya chakula. Kumenya vitunguu gunia zima usiku ni mchango, na watu hawausahau.

Msiba sipunguzi. Rambirambi iko nje ya hesabu hii.

Hatua ya 4: Kausha damu kwanza

Kama unadaiwa na wale wa kukopa 200,000 urudishe 260,000 mwisho wa mwezi, usisome hatua ya tano. Hiyo ni 30% kwa mwezi. Hakuna hati fungani duniani itakayoshindana nayo. Hata kwenye kikundi kopa ulipe, katiba yetu inaruhusu mkopo wa dharura.

Hatua ya 5: Hela iende wapi, kwa mpangilio

Kwanza matumizi ya miezi mitatu yakae mahali pa kutoka haraka. Mimi nimeweka UTT, kampuni ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, kwenye mfuko wao wa Ukwasi. Unanunua vipande, yaani sehemu ndogondogo za mfuko, kwa simu, ukitaka kutoa unasubiri siku chache za kazi. Hizo siku chache zinasaidia, kwa sababu hamu ya kununua kabati jipya haisubiri.

Pili hisa za kikundi chetu, kila wiki. Tatu, mgao wa kikundi wa Desemba usiguse mkoba. Kima cha chini cha hati fungani ni 1,000,000, na mgao ndio unaotufikisha hapo. Unakwenda benki au kwa dalali wa soko la hisa, wanakufungulia akaunti ya CDS, ile inayotunza hati zako, unaomba kwenye mnada. Zipo za miaka 2 hadi 25 na riba inalipwa kila baada ya miezi sita. Mimi riba ikiingia nairudisha kununua vipande, vikifika milioni nanunua nyingine.

Maswali ya wanakikundi

*Shikamoo dada. Mimi ni mama ntilie, kuna siku napata 40,000 kuna siku narudi na wali. Nitajuaje mwezi wangu?*

Marahaba mdogo wangu. Wewe una madaftari mawili, la sufuria na la nyumbani. Jilipe mshahara kila Jumapili, kiasi kilekile, hata kama wiki imekuwa nzuri. Kinachozidi kinabaki kwenye sufuria kusubiri wiki mbaya. Na chakula wanachokula watoto pale bandani kiandike kwenye daftari la nyumbani, hicho ndicho kinachokula mtaji bila wewe kukiona.

*Mimi ni Mwislamu, hiyo riba siitaki. Nimetoka kwenye somo?*

Hujatoka, kaka. Hatua ya kwanza na ya tatu hazina riba ndani yake, na kwenye ya pili weka faida ya kile utakachochagua badala ya riba. Kwenye ya tano tazama sukuk (hati za uwekezaji za Kiislamu zisizo na riba), hisa za kampuni ambazo biashara yake haina shaka kwako, au chumba cha kupangisha. Akiba ya dharura weka kwenye benki yenye dirisha la Kiislamu. Kwa hukumu ya kitu kimojakimoja muulize shehe wako, mimi ni karani tu.

*Kwa nini nisijenge vyumba vya kupangisha badala ya makaratasi?*

Piga hesabu ya kwenu. Jirani yangu alitumia kama milioni 30, kiwanja na vyumba viwili, kila kimoja 60,000. Hiyo ni 1,440,000 kwa mwaka, hapo wapangaji hawajahama wala choo hakijajaa. Milioni 30 kwa 12% ni 3,600,000. Lakini kodi inapanda na kiwanja kinapanda, riba ya hati fungani haipandi. Nyumba ya kuishi mwenyewe ni habari nyingine, kwa sababu inafuta kodi kwenye mwezi wako. Ninachokataa ni msingi unaoota majani miaka tisa huku umelala na hela yako ardhini.

*Nakatwa NSSF, mfuko wa pensheni, kila mwezi. Si inatosha?*

Usiiache, mwajiri anaongeza chake. Ila hiyo inakungoja ufike 55 kwa hiari au 60 kwa lazima. Miaka ya katikati ndiyo tunayoijadili hapa.

*Mume wangu anasema daftari ni ubahili, na kwamba namchunguza.*

Wangu alisema hivyohivyo. Niliacha kuandika ya kwake, nikaandika ya kwangu tu, daftari nikaliacha mezani. Mwezi wa nne akauliza ile 45,000 ya boda niliipeleka wapi. Nikamwonyesha meseji ya UTT. Hakusema kitu, ila Jumamosi ile alirudi na dumu la mafuta.

*Dada, nina kadi nne mezani sasa hivi, na ya nne ni ya mtoto wa bosi. Zote mwezi wa saba.*

Ya bosi toa, ila toa single, na itoe wiki hii kabla kamati haijapiga simu. Kati ya tatu zilizobaki chagua ndugu mmoja. Wawili waandikie leo kwamba hutafika, usisubiri Juni. Na ya kwangu kama utaiona njiani, ni kipaimara cha mwanangu wa kwanza, Agosti: njoo na kisu cha kumenyea vitunguu.