Arusha hadi Moshi kwa mbege na nyama choma

Mkitoka Arusha kwenda Moshi kutafuta mbege (pombe ya Wachaga ya ndizi na ulezi) na nyama choma, anzeni na nyama. Umbali ni kama kilomita 80 tu, lakini mbuzi hachomwi kwa dakika kumi, kwa hiyo pigeni simu mapema jikoni Boma Ng'ombe, mji ulio njiani, wamweke motoni. Mbege iacheni iwe ya mwisho, Marangu au Kibosho, karibu na mtakapolala. Ni tamu ikiwa changa. Kesho yake huwa chachu (wazee ndiyo wanayoipenda). Ya kubeba msizibe chupa kabisa, inaendelea kuchacha na gesi itaipasua garini. Dereva asinywe, apewe mtori (supu ya ndizi na nyama).