Anza na wimbo: namna ya kurudisha hadithi za nkambo kwa watoto wa Lubumbashi

Ukitaka watoto wa lupango lako, yaani uwanja wa nyumba yako, wazijue hadithi za nkambo wao, babu na bibi zao, usianze na kisa. Anza na wimbo. Hadithi za jioni nilizolelewa nazo zilikuwa na wimbo katikati: mtu anafika mtoni, anaimba, wasikilizaji wanaitikia, ndipo anavuka na kisa kinaendelea. Kisa chenyewe mtoto wa Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi, atakielewa kwa Kiswahili, tena atakisimulia vizuri. Wimbo ndio haukubali kuhamishwa. Ukiugeuza, maneno yanakosa mahali pa kukaa na ngoma inabaki peke yake. Kwa hiyo Kiluba, lugha ya nkambo wangu, kimebaki humo, na mtoto asiyejua hata kusalimia kwa Kiluba anaushika wimbo jioni moja, anaenda nao shuleni, kisha anarudi kuuliza: huyu anayeimba anamwambia nani, na anataka nini? Swali hilo likishatoka kinywani mwake, kazi imeanza.

Mimi ni mshonaji. Mashine yangu iko barazani, na Jumamosi mchana watoto wa avenyu yetu hukusanyika hapo. Nkambo wangu alitoka upande wa Kabongo. Baba alikuja mjini kwa ajili ya kazi ya shaba, kama baba za wengi. Jiji hili lilianzishwa mwaka 1910, na kampuni ya migodi, Union Minière, ilileta wafanyakazi kutoka kila upande. Kiswahili kikawa lugha ya kambi, ya soko na ya ndoa zetu. Ninakipenda, ndicho ninachokuandikia. Lakini katika avenyu moja tu unakuta nyumba ya Kiluba, ya Kibemba, ya Kisanga, ya Chiluba cha Kasai, na kila moja ina mzee anayejua jambo ambalo wajukuu wake hawajawahi kumsikia akilisema. Nitatoa mifano ya Kiluba kwa sababu ndicho cha kwetu. Wewe tumia cha kwenu.

Kwanza, namna ya kuipata hadithi. Usimwendee mzee ukiwa peke yako na telefoni mkononi, ukamwambia, "Nkambo, nipe hadithi." Atakupa muhtasari, kwa Kiswahili, bila wimbo, maana hakuna wa kumwitikia. Nenda na watoto. Nenda jioni, mikono ikiwa na kazi nyepesi isiyo na kelele: kumenya karanga, kuchagua maharage. Umeme ukikatika, hiyo ndiyo jioni yako, televisheni za jirani zimenyamaza. Kisha anza wewe mwenyewe kusimulia hadithi anayoijua. Mzee hawezi kustahimili kusikia hadithi yake ikipita na upungufu. Atakukatiza, atasahihisha, na baada ya muda mfupi ni yeye anayesimulia nawe uko kimya. Telefoni iweke chini karibu naye, baada ya kumwomba ruhusa waziwazi, na usiishike tena.

Jioni ya kwanza sikiliza tu. Ukirudi mara ya pili, omba wimbo peke yake, na uliza nani anasema nini. Watoto wetu walikuwa wanaimba wote pamoja tangu neno la kwanza, kama kwaya ya kanisa. Mama mmoja mzee akawasimamisha: "Haina vile. Moya anaita, bengine banaitika." Mgawanyo huo una kazi. Anayeita ana maneno mengi yanayobadilika. Wanaoitikia wana maneno machache yanayorudi. Basi watoto wadogo wape kuitikia, na sehemu ya kuita mpe yule mwenye sikio zuri. Baada ya majuma machache wadogo watakuwa wameiba sehemu ya kuita pia. Waache waibe.

Pili, watoto wakitaka kuicheza hadithi mbele ya watu, usiandike maneno ya mchezo. Najua walimu watanipinga, lakini kwa hili jiji letu lenyewe ni shahidi. Wakubwa wanalikumbuka kundi la maigizo la Mufwankolo, waliocheza kwa Kiswahili chetu hiki cha Lubumbashi hadi kwenye televisheni. Mwaka 1986 walichukua msemo mmoja tu, kwamba utawala huliwa mzima, wakaujadili wao kwa wao, wakagawana nafasi, wakafanya mazoezi na kutoa mchezo kamili bila maneno kuandikwa kwenye karatasi. Mtafiti Johannes Fabian aliwafuata hatua kwa hatua. Fanya hivyo na watoto: waulize kwanza hadithi inasema nini, waache wabishane, halafu gawa nafasi. Mtoto aliyekariri karatasi anasimama mbele ya watu akiitafuta karatasi kichwani. Mtoto aliyebishana juu ya hadithi anaijua hadithi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni ngoma ya Kalala Ilunga, shujaa wa hadithi za Waluba. Watu wa kwetu wanaijua: Nkongolo alikuwa mtawala mkali, Mbidi Kiluwe, mwindaji, alikuja kutoka mashariki na adabu mpya, akamzaa Kalala Ilunga kwa dada wa Nkongolo. Mpwa alipokua na kupata sifa, mjomba akaingiwa na hofu. Akachimba shimo, akasimika mikuki ndani, akalifunika kwa mkeka, akamwalika Kalala aje acheze juu yake kwa heshima. Mpiga ngoma akamwonya kwa ngoma yenyewe. Kalala akapapasa ardhi kwa ncha ya mkuki, akaligundua shimo, akaruka, akakimbia akavuka mto Lualaba kwenda kwa baba yake.

Tazama jinsi hadithi hii ilivyo tayari kuchezwa. Tandika mkeka mapema, kabla ya onyesho kuanza, na weka sheria: hakuna anayeukanyaga, mchezaji wala mtazamaji, hata mtoto anayepita kwenda kunywa maji. Usieleze kwa nini. Shimo likija kutajwa, watu wote wameshauogopa mkeka. Kalala aanze kucheza mbali, na kila mzunguko usogee karibu kidogo.

Ngoma ndiyo yenye thamani kubwa zaidi. Kiluba kina sauti za juu na za chini, ndiyo maana kyondo, ile ngoma ya mti yenye mpasuko, inaweza kusema sentensi mtu akaielewa akiwa mbali. Kama huna kyondo, chukua bidoni mbili, yaani madumu, moja kubwa na moja ndogo, ili upate sauti ya chini na ya juu. Muombe mzee akupe onyo lenyewe kwa Kiluba, sentensi fupi, ambayo yeye angemwambia mjukuu wake anayekaribia hatari. Aiseme polepole, mtoto aipige kama inavyopanda na kushuka. Ifundishe kwa watoto wote kama mchezo wa uani siku nyingi kabla ya onyesho. Siku yenyewe, bidoni zikisema ile sentensi, wadogo waliokaa chini watapiga kelele kumwonya Kalala kabla yeye hajaonyesha kusikia. Wameelewa Kiluba kutoka kwenye bidoni. Mimi sijui somo la darasani linalofika hapo.

Kwa kukumbuka mpangilio, sisi tunatumia vifungo. Zamani Waluba walikuwa na lukasa, ubao wa kushika mkononi wenye shanga na simbi, na wajuzi wa chama cha mbudye waliupitishia kidole huku wakisimulia habari za wafalme: ushanga mkubwa uliozungukwa na midogo ni mtawala na watu wake, mstari wa shanga ni safari. Lukasa ilikuwa ya waliopewa mafundisho, na sisi hatujifanyi kuwa wao. Tunachukua kipande cha ubao, vifungo vilivyobaki kwenye kazi yangu, na kila mtoto anapanga hadithi yake: kifungo chekundu ni Nkongolo, mstari ni njia ya Mbidi, nafasi tupu ni shimo. Kisha anasimulia akipitisha kidole.

Yako yasiyoingia onyeshoni. Kasala, sifa za kuimbwa, inayoitwa kwenye kilio inataja marehemu fulani, majina ya baba zake, ukoo wake. Ni mali ya familia. Ukiisikia ukaipenda, omba kwa wenye msiba baada ya siku kupita, na wakikataa, imekwisha. Vivyo hivyo mzee akisema sehemu fulani haisemwi mbele ya watoto, usimshawishi. Na wazee wawili wakikupa Kalala wawili tofauti, usiwachanganye ukapata wa tatu ambaye hakuna nyumba inayomjua. Cheza mmoja, taja ni wa nani, mwezi mwingine cheza yule wa pili.

Onyesho lifanyike lupangoni, watu wakizunguka, si ukumbini ambako wanakaa gizani na kunyamaza. Kuhusu mavazi, nasema kama mshonaji: msitumie pesa. Kikwembe cha mama, yaani kitenge, kinatosha. Pesa iwe ya munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, na bukari, yaani ugali, kwa wazee, na wazee wakae mbele kabisa, mahali ambapo watoto watawasikia wakicheka au wakisema "hapana".

Onyesho likishaisha, wape wazee nafasi ya kusahihisha mbele ya wote, siku hiyohiyo. Halafu shughulikia sauti ulizorekodi: kila faili liwe na jina la msimuliaji, kijiji chake, lugha, tarehe, na jina la aliyekuwa anaitikia. Nakili kwenye kadi mbili. Moja ibaki na kundi, nyingine mpelekee mzee nyumbani, umkabidhi mjukuu mwenye telefoni, na umwoneshe namna ya kuifungua.