Kusimamia data za utafiti wa kitabibu: anza na fomu, kompyuta itafuata

Ukikabidhiwa data za jaribio la dawa, wa kwanza kukutana naye atakuuliza utatumia programu gani. Muahidi jibu wiki ijayo. REDCap, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Vanderbilt mwaka 2004, inatosha kwa tafiti nyingi za vyuo. Kampuni za dawa zina mifumo yao ya bei mbaya. Zote huhifadhi data chafu kwa uaminifu uleule zinaohifadhia safi. Wewe chukua itifaki, yaani mpango ulioandikwa wa utafiti, na kalamu.

Mimi huisoma itifaki nikitafuta jambo moja: jibu kuu la utafiti litatokana na kipimo kipi, na kitachukuliwa lini. Nikikipata nakizungushia duara. Baada ya hapo kila swali kwenye fomu linataja mwenyewe: ni la mtakwimu, la usalama wa washiriki, au la wakaguzi? Lisilo na mwenyewe linatoka. Hapa mtavutana na madaktari, maana kila mmoja ana kaswali kake ambako "huenda kakafaa baadaye". Kataa kwa adabu, lakini kataa. Atakayekajaza ni muuguzi mwenye foleni mlangoni.

Tarehe usiziachie mkono wa mtu. 03/04/2024 ni tarehe 3 Aprili kwa Mwingereza na 4 Machi kwa Mmarekani, na hakuna programu itakayokwambia mwandishi alikusudia ipi. Mwezi uandikwe kwa herufi. Vizio navyo vichapwe kabisa pembeni ya kisanduku. Sukari ya 5.5 kwa milimoli kwa lita, maabara inayotumia miligramu kwa desilita itaiandika 99. Sasa fikiria kwamba mlikubaliana 99 iwe alama ya "haijulikani", kama madodoso mengi yanavyofanya. Hutajua tena nani ana sukari nzuri na nani hakupimwa. Chagua namba ambayo kipimo hakiwezi kuifikia, -99 kwa mfano, na utenganishe "hakupimwa", "hakumbuki" na "swali halimhusu". Hayo ni mambo matatu tofauti.

Fomu ikishaingia kwenye mfumo, fungua nakala ya majaribio uingize wagonjwa wa kubuni. Mwanaume mjamzito. Mtu aliyesaini ridhaa kabla hajazaliwa. Marehemu wa Jumatatu aliyehudhuria kliniki Alhamisi. (Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote.) Mfumo ukiwapokea, rudi ukaze. Ila usikaze kila kitu. Presha ya juu ya 240 ni ya kutisha, lakini ipo. Ukiifungia mlango, muuguzi aliyechoka ataandika 200 ili ukurasa umruhusu kuendelea, nawe utakuwa umemfundisha kudanganya. Yasiyowezekana yazuiwe; yasiyo ya kawaida yatoe onyo tu.

Utafiti ukianza, kazi yako kubwa ni hoja, yaani maswali unayoyarudisha kituoni. Wengi huandika hivi: "Uzito ni 7.2, mlimaanisha 72?" Hapo umeshawapa jibu, na watalikubali ili uwaache. Andika: "Hudhurio la 3, uzito kilo 7.2. Hudhurio la 2 ulikuwa kilo 71. Tafadhali angalieni faili la mshiriki, kisha mthibitishe au mrekebishe." Huenda ikawa 72, huenda ikawa 67.2. Anayejua ni faili. Usirekebishe mwenyewe hata jibu likikukodolea macho: mfumo unatunza kumbukumbu ya nani alibadilisha nini na lini, na thamani ya kliniki hubadilishwa na watu wa kliniki. Kwenye karatasi ni vilevile: mstari mmoja juu ya kosa, lisomeke bado, kisha sahihi na tarehe. Wino mweupe marufuku. Na hoja zikirudi mfululizo kwa kisanduku kimoja katika vituo vyote, acha kuwasumbua watu. Kasoro ni ya fomu yako.

Madhara makubwa huwa na orodha mbili, ya watu wa usalama na iliyomo kwenye kanzidata yako. Zilinganishe mara kwa mara, usingoje mwisho. Majina ya magonjwa na madhara huwekewa misimbo ya MedDRA, kamusi ya kimataifa ya istilahi za kitabibu. Ni kazi ya subira, haina siri. Ukipata nafasi, soma sehemu ya 4 ya ICH E6(R3), mwongozo wa kimataifa wa kuendesha majaribio ya kitabibu, uliokamilishwa Januari 2025: yote inahusu usimamizi wa data.

Kanzidata hufungwa pale hoja zote zimejibiwa, madhara yamelinganishwa, misimbo imekamilika na watafiti wamesaini. Kama jaribio ni la upofu, yaani wahusika hawaambiwi nani anapewa dawa ipi, orodha ya nani alipewa dawa ipi isifunguliwe kabla ya hapo, hata mkubwa akiomba "kuchungulia tu". Halafu ondoa ruhusa za kuandika, yako ikiwemo. Wiki moja baadaye kituo kitapiga simu: kuna fomu imeonekana nyuma ya kabati. Usifungue kitu. Iandike ilivyo, muulize mtakwimu kama inagusa kile kipimo ulichokizungushia duara, kisha mfadhili na mtafiti mkuu waamue kwa maandishi. Isipokigusa, mara nyingi huamuliwa ibaki kwenye kumbukumbu za utafiti, na kanzidata iendelee kufungwa.