Kabati la visanduku kwa ofisi ya nyumbani Tabora

Kabla ya kwenda kwa seremala, pima faili zako. Karatasi ya A4 ina urefu wa milimita 297, lakini faili la boksi hukaribia 320. Kabati hili ni visanduku vilivyounganishwa; kila kimoja kiwe na nafasi ya ndani ya sentimita 35 kwenda juu, 35 upana na 32 kina. Sisitiza neno "ndani". Ukitaja vipimo vya nje, mbao za milimita 18 zitakula karibu sentimita 4, na faili halitaingia.

Visanduku sita vinatosha kuanzia. Mninga mkavu unafaa sana: kiini chake mchwa hawakipendi. Mbao mbichi zitapinda kiangazi na viungo vitaachia.

Usikubali kisanduku kisicho na mgongo, kitalala upande ukishakipakia. Plaiwudi ya milimita 6 inatosha. Toboa tundu la kupitisha nyaya.

Unganisha kila visanduku viwili vinavyopakana kwa bolti mbili za milimita 6, urefu 50, zenye washa na nati. Gundi iache, maana siku ya kuhama utataka kufungua.

Panga safu mbili zilizosimama, kila moja visanduku vitatu kwenda juu, juu ya miguu ya sentimita 10. Acha sentimita 5 kutoka ukutani ili uone mapema njia za udongo za mchwa. Faili nzito ziende chini. Kisanduku cha juu kifungwe ukutani kwa kona ya chuma, hasa penye watoto.