Kabla Hujaenda Luthuli Kununua RAM

Wengi wanaofika kwenye meza yangu ya ufundi hapa River Road, Nairobi, huanza na ombi moja la kuongezewa RAM, yaani kumbukumbu ya kazi ya kompyuta: "Fundi, niongezee RAM, mashine imekuwa nzito." Bisibisi siigusi kwanza. Naiwasha mashine, namwomba mwenyewe afungue kila anachotumia siku ya kawaida: kivinjari na kurasa zake zote, Excel, WhatsApp. Kisha nabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, naingia Performance, halafu Memory. RAM ikisoma asilimia 90 kwenda juu, hapo kweli imezidiwa. Ikiwa iko nusu huku Disk imeng'ang'ania 100, na ndani mna diski ya zamani ya kuzunguka, namshauri pesa hizo anunue SSD, diski ya kisasa isiyozunguka. Sipendi kumuuzia mtu kitu ambacho hakitamfaa.

Angalia pia kama Windows yenyewe ni ya biti 32. Hiyo haivuki GB 4 hata ukiijazia RAM namna gani. Kwa kazi za ofisi na masomo GB 8 zinatosha. Anayehariri video au kufungua kurasa nyingi kwa pamoja atafute 16.

Ukurasa huohuo wa Memory utakuonyesha nafasi ngapi za kuchomekea RAM zimetumika, lakini usiishie hapo. Kuna RAM zilizochomelewa kwenye bodi, nazo huhesabiwa kama nafasi. Laptopu ya Lenovo ThinkPad X1 Carbon huwezi kuiongezea kitu. ThinkPad T470s ina sehemu iliyochomelewa na nafasi moja tu, X270 ina moja, T480 ina mbili. HP EliteBook 840 G3, ambazo zimejaa hapa mjini, zina mbili. Fungua mfuniko wa chini ujionee mwenyewe.

Sasa soma kibandiko cha kipande cha RAM kilichomo, maana hapa ndipo watu hupoteza pesa. Tuseme kimeandikwa 8GB 2Rx8 PC4-2400T. PC4 ni DDR4, yaani kizazi cha nne cha RAM aina ya DDR, na 2400 ni kasi. Ukikuta PC3L-12800, hiyo ni DDR3L. 12800 si kasi yenyewe, igawanye kwa 8 upate 1600. Herufi L ina uzito wake: RAM hiyo hutumia volti 1.35, wakati PC3 isiyo na L hutaka 1.5. Laptopu zenye prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha 4 zinazotumia DDR3 hutaka yenye L. Kasi zikitofautiana si neno, vyote viwili vitafuata kasi ya kile cha polepole. Aina zikitofautiana, hakuna njia.

Mwalimu mmoja aliniletea kipande cha DDR3 alichouziwa kwa ajili ya laptopu ya DDR4. Dukani alikuwa ameambiwa, "RAM ni RAM, mwalimu." Nilimwekea vipande viwili sambamba mezani, akaona pengo la katikati ya meno ya dhahabu haliko mahali pamoja. Pengo hilo limewekwa makusudi ili kipande kisichofaa kisiingie. Kikikataa, usikilazimishe, utavunja nafasi ya kwenye bodi.

Kwa hiyo ukienda kwenye maduka ya elektroniki ya Luthuli Avenue, beba kipande chako cha zamani kwenye mfuko wa kuzuia umemetuli, umwonyeshe muuzaji. Cha laptopu ni kifupi, kama sentimita 7. Cha kompyuta ya mezani ni karibu mara mbili. Risiti iandikwe aina, ukubwa na siku za kurudisha. Ukiweza, nunua viwili vinavyolingana: vikifanya kazi pamoja mashine huchangamka zaidi, hasa ile isiyo na kadi yake ya picha.

Kufunga hakuchukui muda. Zima kabisa, si kulaza, chomoa chaja na betri. T480 na X270 zina betri nyingine ndani: washa huku ukibonyeza F1, ingia Config, kisha Power, uchague Disable Built-in Battery. Gusa chuma kitupu kwanza ili umemetuli ukutoke. Shika kipande kingo zake, kiingize kikiwa kimeinama kidogo hadi meno ya dhahabu yakaribie kupotea, halafu kilaze taratibu mpaka vishikizo vya pande zote mbili vilie.

Skrini ikibaki nyeusi, usiogope. Subiri kidogo, kwani mashine za DDR5 huchelewa kuwaka mara ya kwanza. Bado? Toa kipande, kirudishe vizuri, ujaribu kimoja kimoja. Ikiwaka, bonyeza Windows na R, andika mdsched, uiache ijipime hadi mwisho. Ikileta hitilafu, rudi dukani siku hiyohiyo na risiti yako.